Mpaka Dawa Itoke Mwilini

MODESTA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

KASHINJE: Ha— (mkwaruzo) —nisikia?

MODESTA: Nakusikia robo robo. Namba hii siijui. Kama ni suruali ya kupunguza kiuno njoo kesho kutwa, leo nina sare za kwaya mpaka kooni.

KASHINJE: Mama Adam. Ni mimi, Kashinje.

MODESTA: Ah! Shemeji! Shikamoo. Mwadila! Unaona? Wasukuma mmenioa, sasa nawasalimia kwenu kwenu.

KASHINJE: Marahaba. Mwadila.

MODESTA: Mhola?

KASHINJE: Mhola tu.

MODESTA: Mbona hiyo amani yako imenyauka hivyo? Na hii namba ya nani?

KASHINJE: Ya Amiri. Huyu jirani yetu, mwenyeji wa hapa. Yangu imelowa.

MODESTA: Imelowaje, na mvua sisi tuliiaga Pasaka?

KASHINJE: Imelowa tu.

MODESTA: Haya. Mguu unaendeleaje, huo uliomleta Raphael wangu aje kukuchungia ng'ombe?

KASHINJE: Mguu ni ule ule. Natembea na fimbo. Nimepandishwa juu ya kichuguu hapa, ndipo mtandao unapopatikana. Mama Adam, uko wapi saa hizi?

MODESTA: Niwe wapi mie? Dukani, Maili Moja.

KASHINJE: Uko na nani?

MODESTA: Peke yangu. Hajra katoka kununua uzi.

KASHINJE: Hakuna mtu mzima hapo?

MODESTA: (anacheka) Na mimi ni nini, shemeji? Mtoto wa chekechea?

KASHINJE: Nasikia kitu kinanguruma.

MODESTA: Cherehani. Subiri nilizime... Haya. Sema.

KASHINJE: Kaa basi. Kaa kitako.

MODESTA: Fundi gani anashona amesimama? Nimekaa tangu asubuhi, mgongo umekuwa ubao. Unataka nini, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga?

KASHINJE: Nataka kukuuliza. Lile jambo la damu.

MODESTA: Wee! Umeniwahi, nilikuwa nikupigie jioni. Ni Jumatano. Dada Elina wa kliniki kanitumia ujumbe jana. Raphael apande gari la kwanza kutoka huko kwenu Vihingo, nimpokee hapa kituoni, twende wote. Mwambie anywe chai na avae shati la mikono mifupi, wasihangaike kuikunja mirefu.

KASHINJE: Ile damu, wanataka kuona nini ndani yake?

MODESTA: Si nilikueleza?

KASHINJE: Ulinieleza, simu ikawa inakatika kama sasa. Nilishika nusu. Nieleze tena.

MODESTA: Mpe Raphael akueleze. Yeye ndiye profesa wa mambo hayo, ukimruhusu atakuchorea mpaka chini kwenye vumbi. Yuko wapi?

KASHINJE: Yuko hapa. Tuko naye hapa.

MODESTA: Mpe simu basi nimsalimie.

KASHINJE: Wewe nieleze kwanza, Mama Adam. Nakuomba.

(ng'ombe wanasikika kwa mbali)

MODESTA: Haya, bwana. Leo una hamu ya elimu. Sikiliza. Daktari Silvanus alitukalisha wote, wagonjwa na sisi wenyewe wenye wagonjwa, akasema hivi. Kila mtu amezaliwa na jeni zake. Ziko ndani ya damu, ndani ya nyama, kila mahali. Umezirithi kwa baba na mama, huwezi kuzibadilisha wala kuzitoa. Umenipata?

KASHINJE: Nimekupata.

MODESTA: Sasa hizo jeni hazifanyi kazi sawa sawa. Kuna zinazopiga kelele na kuna zilizonyamaza. Kama redio, alisema. Redio ni ile ile, lakini sauti unaweza kuipandisha au kuishusha. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa Raphael, baipola, wanadhani kuna redio zinapiga juu mno na nyingine zimezimwa, ndiyo maana mtu anapanda, anapanda, halafu anaanguka puu. Wanachotaka kujua ni kama kile kidonge, lithiamu, kikikaa mwilini kinagusa zile sauti. Kinashusha ipi na kinaamsha ipi.

KASHINJE: Kinagusa jeni zenyewe?

MODESTA: Kinagusa sauti yake. Jeni haiguswi. Nami nilishtuka hivyo hivyo, nikanyoosha mkono, nikauliza, daktari, mtoto wangu atakuwa wa ukoo gani sasa? Watu wakacheka. Akasema hapana mama, ukoo uko pale pale.

KASHINJE: Ukoo. Baba yetu alikuwa hivyo.

MODESTA: Mzee?

KASHINJE: Ulimkuta kashakuwa mzee, hukumwona. Msimu wa ngoma alikuwa anacheza mpaka miguu inatoa damu, halali, hali, anagawa ng'ombe kwa watu asiowajua. Watu wanampenda! Halafu masika yote kalala, kageukia ukuta. Tulikuwa tunasema karogwa na wacheza ngoma wenzake.

MODESTA: Hukuwahi kuniambia hayo.

KASHINJE: Hukuwahi kuniuliza.

MODESTA: Basi Adam naye... Hapana, tusiende huko. Daktari alisema siyo lazima mtoto aupate. Wengi hawaupati.

KASHINJE: Wengi hawaupati. Sawa. Na ile damu ya kwanza waliyomtoa?

MODESTA: Ile walimtoa siku ile ile tuliyompeleka, kabla hajameza hata kidonge kimoja. Unamkumbuka alivyokuwa. Kavua mabati ya mwenye nyumba, anasema anatuonyesha mbingu. Watu wanne walimshika na bado anawahubiria.

KASHINJE: Nakumbuka.

MODESTA: Basi hiyo ndiyo damu isiyo na dawa. Ya pili, ya Jumatano, ni ya baada ya dawa kumkaa. Wanaziweka mbili pamoja, wanasoma: huku zilikuwa zinapiga kelele, huku zimetulia. Na wenyewe walikuwa wanamsubiri Raphael kwa hamu, maana kuna watu dawa hiyo haiwafanyii chochote, lakini yeye imemkubali. Imemkubali, shemeji! Tangu mwaka jana nimepata mume. Analala. Anakula. Anamsaidia Adam hesabu, wanagombana kuhusu saba mara nane kama watu wenye akili zao.

KASHINJE: Kwa hiyo... ngoja, nimeelewa vibaya labda. Damu ya Jumatano ilitakiwa iwe na dawa ndani?

MODESTA: Iwe na dawa, ndiyo maana yote. Ndiyo maana nilikwambia uangalie awe tayari.

(kimya)

MODESTA: Shemeji?

KASHINJE: Nipo.

MODESTA: Nilidhani umekatika.

KASHINJE: Ulisema awe tayari.

MODESTA: Ndiyo. Ameze kila siku, asiruke, anywe maji ya kutosha, maana huko jua ni kali na ile dawa haitaki mtu akaukiwe. Si nilikwambia?

KASHINJE: Nilisikia "damu itapimwa, angalia awe tayari". Maji pia nilisikia. Katikati kulikuwa na mkwaruzo.

MODESTA: Sasa kwani kuna nini?

KASHINJE: Mama Adam, sisi tuna ng'ombe.

MODESTA: Najua mna ng'ombe, Kashinje, dunia nzima inajua—

KASHINJE: Sikiliza. Ng'ombe akishachomwa sindano, maziwa yake hayanywewi. Nyama hailiwi. Unamwacha mpaka dawa itoke mwilini. Na bwana mifugo akija kuchukua damu apime, neno lake la kwanza: mmempa dawa? Ukisema ndiyo, anafunga begi lake anaondoka. Anasema damu yenye dawa inadanganya. Ugonjwa unajificha nyuma ya dawa, haonekani mgonjwa. Mfugaji yeyote anajua.

MODESTA: Haya. Raphael si ng'ombe. Unanieleza haya ya nini?

KASHINJE: Nilitaka damu yake iseme kweli.

MODESTA: Ulifanya nini?

KASHINJE: Nilimpumzisha.

MODESTA: Ulimpumzisha nini? Sema kwa Kiswahili.

KASHINJE: Vidonge. Nilimwambia tupumzike mpaka waichukue hiyo damu, akitoka huko anaendelea. Akafurahi. Alisema kaka, umefikiri kama daktari. Mke wangu Mwashi akavifunga kwenye kanga, akaviweka kwenye debe la unga.

MODESTA: Mungu wangu. Tangu lini?

KASHINJE: Tangu mnada ule—

MODESTA: Mnada upi?

KASHINJE: Siyo huu. Ule wa nyuma yake.

MODESTA: Kashinje! Kashinje, hiyo ni zaidi ya wiki mbili... Na hukunipigia? Unaniuliza bei ya dawa ya kuogesha ng'ombe, unanipigia kuniuliza kama nimeona mvua huku, na hili hukunipigia?

KASHINJE: Mwashi alisema. Alisema kuuliza si ujinga, tumpigie Mama Adam. Nikamwambia shemeji ana kazi zake, kazi ya damu naijua mimi. Nilisema hivyo hivyo. Kazi ya damu naijua mimi.

MODESTA: Dawa ile haiachwi ghafla! Waliniapisha, shemeji, Dada Elina alinishika mkono hivi, akasema ikiachwa ghafla ugonjwa haurudi taratibu, unarudi kwa kishindo, na hasira zake zote. Zile redio zinafunguka kwa pamoja!

KASHINJE: Hilo ndilo nililotaka kukuuliza. Kama ni dawa. Kama ni kwa sababu ya kuacha dawa.

MODESTA: Kama nini ni kwa sababu ya kuacha dawa?

(mkwaruzo)

MODESTA: Haloo? Anaendeleaje? Analala?

KASHINJE: Alikuwa halali.

MODESTA: Unaona! Anaongea sana?

KASHINJE: Alikuwa anaongea mpaka ng'ombe wanamgeukia. Anaimba. Mama Adam, mimi nilifurahi. Miaka mingi sikumwona hivyo. Alikuja mpole, mtu wa "ndiyo kaka", "sawa kaka". Halafu akarudi Raphael yule wa utotoni, anacheka kwa sauti, ananitania mguu wangu. Nikasema, kumbe zile dawa zilikuwa zinamzima ndugu yangu.

MODESTA: Alinipigia wiki iliyopita. Akaniimbia wimbo wa harusi yetu, wote, na beti asizozijua akazitunga. Maneno yanakimbizana, nikadhani ni mtandao. Nikacheka. Nililala na kicheko, shemeji, tangu Raphael aje kwenu mimi nalala usiku kucha, sikutaka kufikiria. Jamani. Jamani mie. Sasa sikiliza, tusilie, bado kuna muda. Mwambie Mwashi avitoe vile vidonge—

KASHINJE: Mama Adam—

MODESTA: —asimpe vyote kwa mpigo, asimpe hata kimoja kabla sijaongea na Dada Elina. Tafuteni gari. Huyo Amiri ana pikipiki? Mkalisheni katikati ya watu wawili, mumlete kliniki leo leo, mimi natangulia. Na asiachwe peke yake. Akipanda hivyo anaona anaweza kila kitu. Asishike panga, asipande juu ya kitu, asikaribie barabara—

KASHINJE: Alisema atalichimba lambo.

MODESTA: Nini?

KASHINJE: Lambo la kunyweshea ng'ombe. Limejaa tope, maji yamebaki katikati tu, lakini pale katikati ni kina. Alisema atalitoa tope lote peke yake, maji yaenee, Vihingo nzima inyweshe bure, wafugaji na wakulima waache kugombana. Alianza na jembe pembezoni. Amechimba, Mama Adam! Wenyeji walikuwa wanakuja kumtazama. Amiri alimletea uji. Watu walikuwa wanasema mdogo wako ni mtu.

MODESTA: Mwondoeni hapo lamboni. Raphael hajui kuogelea.

KASHINJE: Hakuna anayejua kwetu.

MODESTA: Basi mwondoeni! Mbona nasikia watu wengi? Kuna mkutano?

KASHINJE: Watu wamekuja.

MODESTA: Wamekuja nini?

KASHINJE: Tulipiga mwano.

MODESTA: Mwano? Lile yowe lenu? Si mnalipiga ng'ombe wakiibiwa?

KASHINJE: Mwano hupigwa kwa jambo lolote kubwa. Ukisikia unaacha hata chakula, unakimbia. Lakini wenyeji wa huku hawaujui. Walidhani tunafukuza fisi. Ni Amiri aliyekuja na kamba, na mjomba wake, mzee Mwinyimadi.

MODESTA: Kamba ya nini?

(sauti za watu upande wa Kashinje)

MODESTA: Shemeji. Simu yako imeloweshwa na nini?

KASHINJE: Alikuwa nayo mfukoni.

MODESTA: Nani?

KASHINJE: Aliiazima kwangu asubuhi. Alisema atakupigia akiwa katikati ya maji, ili uyasikie.

MODESTA: Sasa akaingia, akatoka. Akatoka, eti? Simu ikalowa tu.

KASHINJE: Mimi nilikuwa zizini. Nilimwona. Namwona kabisa, kanyoosha mkono wenye simu juu, anatafuta mtandao, anasonga mbele, anasonga, anacheka. Nikamwita. Nikamwita kwa jina alilopewa na mama. Akanipungia. Mama Adam, mguu huu... Nilikuwa namwona, na mguu huu haukukimbia.

MODESTA: Ulisema uko naye hapo.

KASHINJE: Niko naye.

MODESTA: Nimekuomba mara ngapi unipe niongee naye?

KASHINJE: Tulimtoa.

MODESTA: Mlimtoa. Haya. Mkamlaza ubavu, mkamkamua maji—

KASHINJE: Tulimtoa mchana, Mama Adam. Aliingia asubuhi.

(mkwaruzo; kwa mbali, upande wa Kashinje, mwanamke analia)

KASHINJE: Huyo ni Mwashi.

MODESTA: Usiseme.

KASHINJE: Niliambiwa nikwambie ukiwa na watu. Nimempigia Bernard kwanza, yule rafiki yake Raphael, mchomeleaji, aje na wenzako wa jumuiya. Nilitaka wakufikie kabla yangu. Halafu nikashindwa kusubiri. Nilitaka kujua. Nilisema labda Mama Adam ataniambia kwamba dawa haihusiki. Kwamba ni ukoo tu. Kwamba ilikuwa imeandikwa.

MODESTA: Usiseme, nimekwambia. Usilitamke hilo neno.

KASHINJE: Sijalitamka.

MODESTA: Usilitamke. Nikiwa na wewe kwenye simu bado hujaniambia.

KASHINJE: Sawa.

MODESTA: Nakuchukia, Kashinje.

KASHINJE: Ndiyo.

MODESTA: Nakuchukia kwa sababu hukutaka ubaya. Ungetaka ubaya ningejua pa kukuweka.

KASHINJE: Jumatano nitakuja mimi. Nitamwambia daktari mwenyewe. Wanitoe damu mimi kama inafaa, si tumechangia baba? Wasome humo.

MODESTA: Yako haina kitu wanachokitafuta.

KASHINJE: Wataangalia. Huwezi kujua.

(mlio mfupi kwenye simu)

MODESTA: Ni nini hicho?

KASHINJE: Amiri anasema salio linakwisha. Mama Adam, mtoto yuko wapi?

MODESTA: Shule. Yuko shule. Atatoka, atapita hapa dukani, ataniuliza baba anakuja Jumatano asubuhi au mchana. Namwona Bernard.

KASHINJE: Amefika?

MODESTA: Yuko ng'ambo ya barabara. Yuko na Mama Leodegar wa jumuiya, na wengine wawili. Wamejifunga kanga viunoni. Bernard hajavua hata aproni yake ya kazi. Mbona hawavuki? Magari yamepita, barabara nyeupe, wamesimama tu wananitazama.

KASHINJE: Waache waje.

MODESTA: Shemeji, ongea. Ongea kitu kingine. Chochote, upesi. Niambie kuhusu ng'ombe.

KASHINJE: Ng'ombe?

MODESTA: Yule wa Adam. Yule mliyempa alipobatizwa. Alikuwa karibu kuzaa.

KASHINJE: Amezaa.

MODESTA: Lini?

KASHINJE: Jana. Alfajiri. Alishindwa, ndama alikaa vibaya. Mimi na mguu huu siwezi kupiga magoti. Raphael ndiye aliyeingia zizini. Akavua shati, akamgeuza humo humo ndani, taratibu, Mama Adam, taratibu sana, anambembeleza ng'ombe kama anambembeleza mtu. Kwa muda ule wote hakusema neno. Nilisema, huyu mtu mzima kabisa huyu. Hana ugonjwa wowote.

MODESTA: Ndama gani?

KASHINJE: Jike.

MODESTA: Amesimama?

KASHINJE: Amesimama. Ananyonya. Mweusi, ana doa jeupe hapa, juu ya jicho.

MODESTA: Wamevuka. Shemeji, wamevuka. Endelea.

KASHINJE: Akambeba mpaka kwenye jua. Akasema huyu asiuzwe hata kama tunalala njaa, huyu ni wa kwanza katika zizi la Adam. Akampa na jina—

(mlio mfupi)

MODESTA: Mama Leodegar, karibu, subiri kidogo, subirini hapo mlangoni, naongea na shemeji yangu. Jina gani?

KASHINJE: Alisema lazima nikwambie mimi, wewe utacheka—

MODESTA: Jina gani, Kashinje? Upesi.

KASHINJE: Alimwita— (mkwaruzo)

MODESTA: Haloo?

(simu imekatika)

MODESTA: Haloo? Shemeji? Alimwita nani?

(kimya)

MODESTA: Haloo? ... Msinishike, jamani. Bernard, usininyang'anye simu. Huoni naongea na simu?